Redio, Choo na Shahada ya Mawasiliano

Kila mwaka dirisha la udahili wa vyuo vikuu linapofunguliwa, wazazi na vijana hunijia na swali lile lile: mtu akisoma mawasiliano ya umma, ataajiriwa wapi? Swali hili si la kubezwa, hasa linapotoka kwa mzazi aliyeuza ng'ombe ili kulipa ada. Lakini ndani yake imejificha dhana kwamba mhitimu wa taaluma hii hana pa kwenda ila gazetini au studio. Kama dhana hiyo ni ya kweli, mzazi ana haki ya kumwelekeza mwanawe kwingine, kwa kuwa nafasi za huko ni chache mno. Mimi naiona si ya kweli, na ushahidi wangu nautoa mwaka 1973.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaanza kujaribu kampeni za redio. Mwaka 1971 ilikuja Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka 10 ya Uhuru. Kisha mwaka 1973 ikaja Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni 2, katika vikundi vilivyoongozwa na watu 75,000 hivi waliopewa mafunzo, walijifunza habari za malaria, kichocho, minyoo ya safura, kuhara damu na kifua kikuu.

Wazee wanaoisimulia kampeni ile hukumbuka zaidi redio. Lakini redio ilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Kikundi kilikutana, kikasikiliza kipindi, kikasomewa kijitabu kilichoandikwa kwa kuwafikiria watu ambao wengi ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma. Baada ya hapo wakajadiliana, na mwishoni wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufukia dimbwi, kufyeka majani kuzunguka nyumba. Viongozi wa vikundi nao walifunzwa kwa ngazi, waliofunzwa juu wakishuka kuwafunza wa chini yao. Na kampeni ilipokwisha, watafiti walirudi vijijini kutazama kilichobadilika majumbani.

Hebu zihesabu kazi zilizokuwamo. Alihitajika mtu wa kuyageuza maelezo ya daktari yawe Kiswahili cha mkulima. Alihitajika mtunzi wa kipindi, mwandaaji wa kijitabu na picha zake, mkufunzi anayejua kuwafanya watu wazima waseme badala ya kuwahutubia, na mtafiti wa kupima kama ujumbe ulifika au ulipita juu ya vichwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyelazimika kuitwa mwandishi wa habari, na wote walifanya kazi ya mawasiliano.

Mbona basi tunaidhania shahada hii kuwa ya watangazaji? Nadhani jibu limo katika asili ya vyuo vyetu. Chuo cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960 na kufunza waandishi kwa miaka mingi, ndicho kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003. Taaluma ikaingia chuo kikuu kupitia mlango wa habari, na sisi wahadhiri (nami simo nje ya lawama) hatukujishughulisha sana kuifungulia milango mingine.

Historia hiyo ina upande wa pili, nao wahusu zaidi watumishi wa umma. Novemba 1973, miezi michache baada ya Mtu ni Afya, ilitangazwa kwamba kuhamia vijijini kungekuwa lazima kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Serikali ilikuwa ile ile na wananchi walewale. Mara ya kwanza watu waliketi wakajadili na kuamua. Mara ya pili, mahali pengi, walipandishwa malori. Sisemi kampeni ya afya haikuwa na shinikizo la viongozi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ofisi ikikosa mtu anayejua kushawishi, amri ndiyo hujaza pengo. Hata leo, kipindupindu kikizuka, tangazo lenye lugha ya sheria ndogo hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, kisha mwananchi ambaye hakulielewa huitwa mbishi.

Kwa hiyo mzazi aliyeuza ng'ombe namjibu hivi: kazi zipo katika halmashauri, hospitali, miradi ya maji, vyama vya ushirika na mashirika ya kiraia, ingawa mara nyingi hazijaandikwa jina la mawasiliano, na shahada peke yake haitamwingiza mwanao huko. Aende akaulize kila chuo anachokifikiria: je, wanafunzi wenu hupelekwa vijijini kufanya kazi na watu, na kwa majuma mangapi?