Fahamu: Kwa nini mvua ikikata wiki mbili Ufipa, mkulima hupoteza msimu

Kila mwaka ifikapo Desemba, swali linalojirudia kwenye simu za kipindi chetu cha kilimo ni hili: "Nilipanda mvua za kwanza, sasa jua linawaka. Nirudishie mbegu au nisubiri?" Makala hii inaeleza kwa nini swali hilo ni zito kwa mkulima wa Ufipa.

Msimu ni mmoja tu

Uwanda wa Ufipa uko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mikoa ya kaskazini na pwani ina vuli na masika. Rukwa ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni kiangazi, na baridi na upepo wa Juni na Julai huzidi kukausha ardhi. Mkulima wa Tanga akikosa vuli anangoja masika. Wa Sumbawanga akikosa, anangoja Novemba nyingine.

Ukame wa katikati ya msimu

Mvua ya mwaka mzima inaweza kutosha kwa hesabu, lakini mahindi yakafa. Mahindi huhitaji maji zaidi yanapotoa mbelewele na ndevu. Jua kali likiyakuta hapo, chavua haishiki vizuri na gunzi hubaki na mapengo. Mvua ikirudi baadaye, mapengo hayo hayazibiki.

Majirani zetu wa Zambia waliliona hilo mwanzoni mwa 2024. Mvua ilikatika wakati mahindi yanachanua, na Februari mwaka huo Rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Baadaye nchi hiyo iligeukia mahindi ya Tanzania. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi nchini, hivyo mvua ikikata hapa, pengo huonekana hadi kwenye masoko ya mbali.

Maji ya kiangazi yanatoka wapi?

Maji tunayotumia Septemba ni mvua ya Februari iliyozama ardhini. Msitu wa Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, hupokea mvua hiyo na kuiachia polepole kwenye chemchemi na vijito. Vingine hushuka hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka, ambalo kina chake hupanda na kushuka kufuatana na mvua.

Hapa ndipo penye mvutano. Kiangazi, bustani ya mboga bondeni ndiyo ada ya shule ya mtoto. Lakini kila tuta linalosogea kwenye chemchemi hupunguza maji ya walio chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kama shughuli hizo zinaweza kukiharibu.

Mkulima afanye nini?

Asipande kwa manyunyu ya kwanza. Achimbe kwa jembe. Kama unyevu haujafika kina cha shubiri moja, angoje.

Afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), wa msimu na wa siku kumi.

Asitegemee shamba moja la mahindi. Ulezi na maharage hupunguza hatari.

Asichome mabaki ya mazao. Wazee wa Kifipa walilijua hili: kwa kilimo cha ntumba walifukia majani kwenye vichuguu vya udongo kabla mvua hazijaisha, yakaoza, na msimu uliofuata wakavitawanya na kupanda ulezi. Udongo wenye mboji hushika maji kwa muda mrefu zaidi.

Na yule aliyepiga simu Desemba? Afukue mashimo machache kwanza. Mbegu ikiwa bado ngumu na nzima, asubiri mvua. Ikiwa imeota ikakauka, au imeoza, arudishie mara udongo utakapolowa, kwa mbegu inayokomaa mapema, kwa sababu Aprili haimngoji mtu.