Vinu Viwili vya Ukoo Mmoja: Kinshasa, Seoul na Mafunzo ya Juu ya Wahandisi wa Nyuklia

Mwezi wa Juni 1959, juu ya kilima cha Chuo Kikuu cha Lovanium, pembeni mwa mji ambao wakati ule uliitwa Léopoldville, kinu cha kwanza cha nyuklia katika bara la Afrika kilianza kufanya kazi. Mwezi uliofuata, mjini Seoul, katika nchi iliyokuwa ingali na makovu ya vita vilivyosimama mwaka 1953, ulichimbwa msingi wa kinu cha aina ileile. Kile cha Kongo kiliitwa TRICO, jina lililopatikana kwa kuunganisha TRIGA, yaani jina la kiwandani, na jina la nchi. Kile cha Korea Kusini kilianza kufanya kazi Machi 1962. Kongo, basi, ilitangulia kwa karibu miaka mitatu.

Msomaji anajua namna hadithi hii ilivyoendelea. Leo Korea Kusini hupata karibu theluthi moja ya umeme wake kutokana na nyuklia, inajengea nchi nyingine vituo, na ina chuo cha shahada ya uzamili kinachopokea wanafunzi kutoka Afrika. Kinu cha pili cha Kinshasa, kilichorithi kile cha mwaka 1959, kilizimwa mwaka 2004. Hatukusudii hapa kueleza kwa nini nchi moja ilitajirika na nyingine haikutajirika. Hayo yamekwisha kuandikiwa vitabu vingi. Swali letu ni dogo zaidi, na kwa watu wa chuo kikuu ni la karibu zaidi: mhandisi wa fani hii hufundishwaje baada ya shahada yake ya kwanza, na ni kitu gani humfanya abaki katika fani hiyo?

Kwanza tuseme maneno machache juu ya chombo chenyewe. Wapo wasiopenda kuona neno "kinu" likitumiwa kwa mtambo wa atomi, kwa kuwa kinu ni kile ambamo mama zetu hutwanga sombe. Sisi tunaliona neno hilo kuwa zuri: ni chombo ambamo kitu huvunjwa ili kitoe manufaa, na kinachovunjwa humu ni viini vya urani. Kinu cha TRIGA, kilichobuniwa na kampuni ya General Atomic ya San Diego, Marekani, hakitoi umeme hata kidogo. Kilikusudiwa tangu mwanzo kuwa chombo cha kufundishia na kufanyia utafiti. Fueli yake imechanganywa na zirkoni na haidrojeni kwa namna ambayo joto likipanda ghafla, mpasuko wa viini hupungua wenyewe, hata kabla ya mtu kunyosha mkono. Ndiyo sababu kiliweza kuwekwa katikati ya chuo kikuu na kuaminiwa kwa wanafunzi. TRICO ya kwanza ilikuwa na nguvu ya kilowati 50 tu, na ile ya Seoul kilowati 100. Kwa maneno mengine, vinu hivi viwili vilikuwa madarasa.

Darasa la Kinshasa lilipatikanaje? Huwezi kulieleza bila kutaja Shinkolobwe. Kutoka mgodi huo wa Katanga kampuni ya Union Minière ilichimba urani iliyokuwa na utajiri usio na mfano duniani, na mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York, ambako Wamarekani walikuja kuyanunua mwaka 1942 kwa ajili ya bomu. Baada ya vita Ubelgiji ilikuwa na sauti katika mambo ya atomi kwa sababu ya mawe ya Kongo. Monsinyori Luc Gillon, mkuu wa kwanza wa Lovanium, alikuwa padre na pia mwanafizikia wa nyuklia. Alijua la kuomba, na alijua wa kumwomba. Hapo pana kinaya ambacho wanahistoria wetu hawajakikazia vya kutosha: wachimbaji wa Shinkolobwe, waliolipa gharama ya urani ile kwa miili yao, hawakuwa na mtoto hata mmoja aliyekuwa ameandaliwa kukiendesha chombo kilichonunuliwa kwa heshima ya jasho lao. Kongo ilipopata uhuru, mwaka mmoja tu baada ya kinu kuwashwa, wahitimu wake wa vyuo vikuu walikuwa wachache mno.

Hata hivyo kazi iliendelea, na jambo hili lastahili kusemwa wazi, kwa sababu mara nyingi TRICO husimuliwa kana kwamba ilikuwa pambo la kikoloni lililoachwa likaoza. Sivyo. Kituo kilivuka misukosuko ya miaka ya 1960. Kikaitwa baadaye Kituo cha Kanda cha Masomo ya Nyuklia, na chini ya Wakongo wenyewe, ambao miongoni mwao mhandisi Félix Malu wa Kalenga ndiye anayejulikana zaidi, kilipanuka. Kinu cha kwanza kilizimwa mwaka 1970, na mwaka 1972 kikawashwa TRICO II, chenye nguvu ya megawati moja, yaani mara 20 ya kile cha mwanzo. Elimu yake ilitumika katika tiba, katika kilimo na katika uchunguzi wa madini. Wataalamu walioiendesha mitambo hiyo walikuwa wataalamu kweli.

Lakini walikuwa wataalamu wa kituo kimoja. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mhandisi kijana aliyemaliza masomo yake ya juu pale mlimani mwaka 1975 angekwenda wapi na ujuzi wake? Mwaka 1972, mwaka uleule wa TRICO II, bwawa la Inga I lilianza kutoa megawati 351, na Inga II ikafuata mwaka 1982 kwa megawati 1,424. Nchi yenye mto kama ule haikuwa na sababu ya kujenga kituo cha umeme wa nyuklia, na viongozi wa Zaire hawakukosea katika hilo. Matokeo yake ni kwamba mlango wa shule ulifunguka ndani ya shule ileile: mwanafunzi akawa mwalimu, mwalimu akangoja kustaafu, na aliyekosa nafasi akaenda Ulaya. Shule ya namna hiyo huishi maadamu mishahara inalipwa na vipuri vinanunuliwa. Miaka ya 1990, baada ya hazina ya taifa kukauka, havikununuliwa tena. Fito mbili za fueli zilipotea kituoni. Moja ilikuja kukamatwa nchini Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ni vigumu kupata ushahidi mwingine unaoonyesha vizuri zaidi hali ya walinzi waliokuwa hawalipwi.

Seoul nako mambo hayakuanza kwa fahari. Mwaka 1956 Korea Kusini ilitia sahihi mapatano ya atomi na Marekani, na mwaka huohuo ikaanza kupeleka vijana katika shule ya kimataifa ya sayansi na uhandisi wa nyuklia iliyokuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago. Nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha hata kununulia chakula, na Rais Syngman Rhee alilaumiwa kwa kuzitumia kusomeshea watu elimu ya atomi. Idara ya uhandisi wa nyuklia ikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Hanyang mwaka 1958, na nyingine katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul mwaka 1959. Wengi wa waliopelekwa ng'ambo walivutwa na maisha ya huko. Mwaka 1965 Korea ilikuwa na kinu, idara mbili na orodha ndefu ya watu waliosoma Marekani na kubaki Marekani. Mtu angeweza kuandika juu yake maneno yaleyale yanayoandikwa leo juu ya Kinshasa.

Mambo mawili yaligeuza mkondo. La kwanza lilitoka kwa mmoja wa hao waliobaki. Mwaka 1969 mwanafizikia Chung Kun-mo, aliyekuwa akifundisha New York, aliandika pendekezo la kuanzisha nchini mwake chuo cha masomo ya uzamili peke yake, chenye sheria zake, kisichokuwa chini ya wizara ya elimu. Serikali ya Marekani ilimtuma Frederick Terman wa Stanford kulichunguza jambo hilo mwaka 1970, na mwaka 1971 chuo kikaundwa. Kiingereza kilikiita KAIS, na ndicho kilichozaa KAIST ya leo. Wanafunzi walipewa posho na makazi. Tena, na jambo hili kwa kijana wa Kikorea lilipita posho, walisamehewa utumishi mrefu wa jeshi kwa kufanya mafunzo mafupi tu. Nchi iliyokuwa ikimkabili adui mpakani iliamua kwamba mtu mwenye shahada ya uzamili ya uhandisi alikuwa ameshaitumikia. Sidhani kama pana kipimo bora cha thamani ambayo taifa linaipa elimu ya juu kuliko kile ambacho liko tayari kukitoa kwa ajili yake.

La pili ni kazi yenyewe. Korea haikuwa na mafuta wala mto wa Inga. Kituo cha kwanza, Kori 1, kilichojengwa na Westinghouse, kilianza kuuza umeme Aprili 1978. Wakorea walikipokea kikiwa kimekwisha, kama mtu anavyopokea ufunguo wa nyumba, na katika kukijenga hawakujifunza mengi. Walilitambua hilo. Katika mkataba wa vinu vya 3 na 4 vya Yonggwang, uliotiwa sahihi mwaka 1987 na kampuni ya Combustion Engineering, walidai haki ya kufundishwa kubuni. Tangu mwishoni mwa mwaka 1986 kundi la wahandisi wa taasisi ya utafiti wa atomi ya Korea liliishi Windsor, katika jimbo la Connecticut, likikaa meza moja na Wamarekani na kuchora nao. Kwa maoni yetu chuo kikuu halisi cha uhandisi wa nyuklia wa Korea kilikuwa chumba kile cha wachoraji. KAIS iliwaandaa watu wa kuweza kuingia humo, bali haikuweza kushika nafasi yake.

Baada ya hapo mkondo ulibadilika, na mwanafunzi wa jana akawa mwalimu. Desemba 2009 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitia sahihi na Wakorea mkataba wa vinu vinne vitakavyojengwa Barakah. Cha kwanza kiliunganishwa na gridi mwaka 2020, na cha nne kilianza kazi ya biashara mwaka 2024. Machi 2012 chuo cha uzamili cha KINGS kilifungua milango yake karibu na vinu vya Kori, kikichanganya Wakorea na wageni kutoka nchi zinazokusudia kujenga vituo. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wahandisi wao huko. Masomo yake ni ya miaka miwili na hayajikiti sana katika fizikia ya nadharia. Hufundisha namna sehemu nyingi za kituo zinavyofungamana, namna mradi unavyosimamiwa, namna sheria na usalama vinavyomfunga mhandisi.

Kuhusu usalama, historia iliwafanyia Wakorea kejeli. Februari 2012, mwezi mmoja kabla ya chuo hicho kufunguliwa, Kori 1, jirani yake, ilikosa umeme kabisa kwa dakika 12 wakati wa matengenezo, na wakuu wa kituo wakaficha habari kwa zaidi ya mwezi. Muda si mrefu ikagunduliwa kwamba vipuri kadhaa katika vituo vya nchi vilikuwa na vyeti vya kughushi. Waliofanya hayo hawakuwa wajinga. Walikuwa na shahada. Yeyote anayeandika muhtasari wa masomo kwa ajili ya nchi changa katika fani hii angefaa kuanzia hapo badala ya kuanzia kwenye mlinganyo wa nyutroni.

Vijana wa Kenya waliorudi kutoka Korea walikuta nchi isiyo na kituo cha nyuklia, na hadi leo hakijajengwa, ingawa maeneo ya pwani na ya Ziwa Viktoria yametajwa na kubishaniwa. Wengine wameajiriwa katika wakala wa serikali unaoandaa mpango huo. Huu ni ugumu ambao haukwepeki: kituo huchukua miaka 15 tangu wazo hadi umeme, na mhandisi wa miaka 25 hawezi kuwekwa kabatini akingoja. Ghana ilijibu kwa njia nyingine. Mwaka 2006 ilianzisha, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomi, shule ya uzamili ndani ya Chuo Kikuu cha Ghana, ikitumia kinu kidogo cha kilowati 30 ambacho nchi ilikuwa nacho tangu mwaka 1994, na wahitimu wake huenda hospitalini, katika udhibiti wa mionzi, katika migodi na katika kilimo. Elimu ya Kinshasa iliwahi kutumika hivyohivyo kabla ya fedha kwisha. Haihitaji kituo cha umeme ili iwe na maana. Yahitaji waajiri kadhaa wasio chuo kikuu chenyewe.

Kwa Kongo jambo hili si la makumbusho. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1960, lakini urani haikuondoka Katanga. Imo ndani ya mawe ya shaba na kobalti yanayochimbwa kila siku na kusafirishwa. Anayetakiwa kuyapima mawe hayo, kumlinda mchimbaji na kumwambia mnunuzi yaliyomo ni mtu mwenye mafunzo ya juu ya aina hii. Na TRICO II imekaa kimya tangu mwaka 2004. Mwanafunzi aliyeingia mwaka wa kwanza wa fizikia wakati huo sasa amefikisha miaka 40 au zaidi, na kama hakupata nafasi ya kwenda ng'ambo, hajawahi kusimama kando ya kinu kinachofanya kazi. Waliowahi, na ambao wangeweza kumwonyesha, wanastaafu mmoja mmoja.