"La Terre": Filamu bubu kuhusu uroho wa ardhi

"LA TERRE", yaani Ardhi, ni filamu bubu ya Mfaransa André Antoine iliyotolewa mwaka wa 1921, kutokana na riwaya ya Émile Zola ya 1887.

Mzee Fouan, mkulima wa Beauce, anawagawia wanawe watatu shamba akingali hai, kwa ahadi kwamba watamtunza. Kisa hiki hakingemshangaza mkazi wa Kamakis, Ruiru, ambako mashamba kando ya barabara ya Eastern Bypass yamekatwa ploti na kuwa maskani ya wachoma nyama. Mara ardhi inapotoka mikononi mwake, posho yapunguzwa, akiba yake yapelelezwa, naye anatangatanga nyumba hadi nyumba. Kitindamimba Buteau ndiye katili kuliko wote.

Antoine, aliyevuma kwanza katika tamthilia, aliipigia filamu yake huko huko Beauce badala ya studio. Hapo ndipo ilipo nguvu yake: tambarare zile zanena pale wahusika wasiposikika.

Riwaya ni kali mno. Humo, Buteau na mkewe Lise wanamuua mzee, kisha wanauchoma mwili ili idhaniwe ni ajali.