Miundombinu Inayoshikika ya Mtandao

Wako wanaoandika "usalama wa kimwili wa mtandao". Msomaji wa Ukunda, pwani ya Kenya, akisikia kimwili atafikiria jeraha, au mahaba. Swichi na kebo hazimjii akilini. Neno linalofaa limekwishazoeleka kwa watu wa turathi. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo ya hapa Diani ikiwemo, iliingia katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila za kaya hizo zikaingia katika orodha ya turathi zisizoshikika. Msitu unashikika, tambiko halishikiki.

Basi tuseme ulinzi wa miundombinu inayoshikika ya mtandao: kuzuia mtu, mnyama, maji au chumvi visifikie kebo, swichi, rauta, seva na umeme unaoviendesha. Nenosiri na programu za kinga ni upande wa pili.

Hoteli za Diani zinaonyesha kwa nini upande unaoshikika una kazi. Vyumba vimetawanyika bustanini hadi karibu na ufuo, na kebo ya kawaida ya shaba imewekewa ukomo wa mita 100. Kwa hiyo vifaa haviwezi kukaa chumba kimoja. Kila upande wa hoteli hupata kikabati chake, mara nyingi ndani ya stoo ya mashuka au chini ya ngazi, ambako kila mfanyakazi anapita. Mwenye dakika chache na kompyuta ndogo huchomeka waya kwenye tundu lililo wazi, naye yumo ndani bila kubahatisha nenosiri lolote. Kamera ya ukuta wa nje ni hatari zaidi: ukiichomoa, waya wake umebaki mkononi mwako, upande wa barabarani.

Dawa yake si ghali. Kikabati kifungwe, na kila anayechukua ufunguo aandikwe daftarini. Matundu yasiyotumika yazimwe kwenye swichi. Mitandao ya wageni, ya kamera na ya malipo itenganishwe. Fundi wa nje asiachwe peke yake, hata akiwa amevaa sare. (Sare hushonwa na fundi yeyote.)

Chumvi nayo isidharauliwe. Upepo wa bahari hula vichwa vya kebo hadi mtandao ukakatika bila mwizi, kwa hiyo kabati la nje lizibwe vizuri na likaguliwe mara kwa mara. Wezi wa shaba na vyuma ni janga lingine: Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani, serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu. Kebo ya nyuzi za kioo haina shaba ya kuuzwa, lakini mwizi huligundua hilo akishaikata.

Hospitali ya Msambweni, benki za Ukunda na hoteli zote zimeshika taarifa za watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika data kuweka kinga zinazofaa, na data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Sheria haimsamehe aliyevujisha kwa sababu tu data zilipitia mlango wa stoo. Meneja unayesoma haya, uliza leo ufunguo wa kikabati chako uko kwa nani.