Amani ya Pretoria Ilivyofika Beni

Tarehe 17 Desemba 2002, huko Pretoria, serikali ya Kinshasa, waasi, vyama vya upinzani na mashirika ya raia walitia saini mapatano ya kumaliza vita vya Kongo. Ketumile Masire wa Botswana alikuwa ameanza kuwasuluhisha. Moustapha Niasse wa Umoja wa Mataifa na Rais Thabo Mbeki wakawafikisha mwisho. RCD-K/ML, kundi la waasi la Mbusa Nyamwisi lililoshika Beni na Butembo mashariki mwa Kongo, lilikuwa mezani. MLC, kundi la waasi la Jean-Pierre Bemba, pia.

Siku hizohizo watu wa Mambasa walikuwa njiani wakikimbia. Askari wa MLC na wenzao wa RCD-N ya Roger Lumbala walikuwa wanaisogelea Beni katika operesheni waliyoiita Kufuta Ubao. Familia zilikatiza msitu kwa miguu, mtoto mgongoni, sufuria kichwani, hadi Eringeti, Oicha na Beni mjini. Wambuti, wenyeji wa msitu huo, walitendewa unyama usiosemeka. Ilibidi kikao kingine, cha Gbadolite, tarehe 30 Desemba, ambapo mbele ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, Bemba, Lumbala na Mbusa walikubali kusimamisha mapigano. Kwa mtu wa Beni, saini hiyo ndiyo iliyookoa mji.

Raia nao hawakukaa kimya wakingoja wakubwa. Mapema mwaka 2001 Butembo ilipokea kongamano la amani, na mamia ya wageni, wengi wao Waitalia, wakaja katikati ya vita kuketi na wenyeji. Dai lililosikika zaidi lilikuwa moja: majeshi ya kigeni yarudi kwao.

Dai hilo lilijibiwa Luanda, tarehe 6 Septemba 2002, Kinshasa na Kampala zilipokubaliana kwamba Uganda iondoe askari wake. Lakini mkataba uliwaruhusu kubaki kwa muda kwenye miteremko ya Rwenzori, kwa sababu ya ADF, waasi wa Uganda waliojificha huko tangu miaka ya 1990. Wanadiplomasia waliliona tatizo, wakaliandika, wakaliahirisha. Naamini hapo ndipo Beni ilipopunjwa. Serikali ya mpito ilianza kazi mwaka 2003, rais mmoja na makamu wanne. Mbusa akapata uwaziri. Uchaguzi ukafanyika mwaka 2006. ADF walibaki msituni.

Oktoba 2014 mauaji ya mapanga yakaanza kuandama vijiji vya Beni. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki ilishambuliwa na walinda amani wa Tanzania wakauawa. Tarehe 30 Novemba 2021 Uganda ikarudisha majeshi yake kuwasaka ADF, safari hii kwa idhini ya Kinshasa. Mwaka 2025 wajumbe walikutana Washington na Doha kuhusu Rwanda na waasi wa M23. Mkulima wa Oicha anayeogopa kwenda kwenye shamba lake la kakao bado hajawekewa meza yake.