Fasihi ya Kiingereza katika Shule za Upili nchini Kenya: Orodha ya Vitabu na Hatima ya Somo

Mjadala kuhusu ufundishaji wa fasihi ya Kiingereza katika shule za upili nchini Kenya umekuwa, aghalabu, mjadala wa orodha: visomwe vitabu gani, na vya nani. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, licha ya uzito wake, lilifunika jingine, yaani somo lenyewe lipewe nafasi gani katika ratiba na lisomwe vipi.

Enzi ya ukoloni orodha ilitoka Cambridge, kulikotungwa mitihani. Mfano mashuhuri ni Shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926. Chini ya Carey Francis, mwalimu mkuu kuanzia 1940 hadi 1962 (ambaye, ajabu, alikuwa mwanahisabati), kuigiza tamthilia ya Shakespeare kila mwaka kulikuwa desturi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia hapo mwaka 1955 wakati wa Hali ya Hatari, anasimulia katika *In the House of the Interpreter* (2012) kwamba aliporudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Ukinzani baina ya jukwaa lile na kijiji kile hauhitaji mhakiki wa kuufafanua. Hata hivyo, haki itendeke: mwanafunzi wa Alliance aliijua tamthilia nzima, kwa sauti na kwa viungo vyake.

Tarehe 24 Oktoba 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ivunjwe, na Afrika iwe kitovu cha masomo ya fasihi. Mwaka 1974 hoja hiyo ilifikishwa kwa walimu wa shule za upili katika kongamano lililofanyika Nairobi School. Walimu walidai fasihi ya Kiafrika na fasihi simulizi. Waama, walishinda: Achebe na Ngũgĩ wakazoeleka madarasani, na fasihi simulizi ikaanza kutahiniwa.

Lakini ushindi huo ulikuwa wa orodha. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 na kutoa watahiniwa wake wa kwanza wa KCSE mwaka 1989, uliiunganisha fasihi na lugha ya Kiingereza. Vidato vya tano na sita, ambamo fasihi ilisomwa kwa kina na waliojichagulia, vikafutwa. Wapo wanaotetea muungano huo, na hoja yao si haba: sasa kila mtahiniwa husoma riwaya na tamthilia. Swali ni husoma nini humo. Dondoo la ukurasa mmoja na maswali chini yake ndilo lililomfundisha mwanafunzi kuvisaka vijitabu vya miongozo kabla ya kukifungua kitabu chenyewe.

Jina la somo nalo lina utata. *A Doll's House* ya Ibsen, iliyowahi kutahiniwa katika KCSE, iliandikwa kwa Kinorwe, si kwa Kiingereza. *Devil on the Cross* (1982) ni tafsiri ya Ngũgĩ mwenyewe ya riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu. Hii ni fasihi iliyopita katika Kiingereza, na njia hiyo haikuguswa na mabadiliko ya orodha. Wataalamu wa Kiswahili wasifurahie mapema: somo lao lilipofanywa la lazima katika 8-4-4, fasihi yake nayo iliwekwa chini ya kwapa la lugha.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, umeiorodhesha Fasihi ya Kiingereza kuwa somo linalojitegemea katika sekondari ya juu, sambamba na Fasihi ya Kiswahili. Yote mawili ni ya kuchaguliwa, na mwanafunzi aliyefuata mkondo wa sayansi halazimiki kuchagua lolote kati yake.