Pilika, si "shughuli za kimwili"

Majuzi lilisambazwa dodoso mjini Voi, kwa vijana waliotoka shule karibuni, kutaka kujua gemu zinawafanyia nini miili yao. Swali mojawapo: "Kwa wiki hushiriki shughuli za kimwili mara ngapi?" Vijana waliangua kicheko, nami siwalaumu. Katika Kiswahili cha magazeti, cha mimbari na cha mahakama, watu wawili "wakikutana kimwili" hakuna aulizaye walikutana kufanya nini. "Shughuli" nayo, kwa sisi wa pande hizi za pwani, ni arusi, maulidi ama hitima. Mbele kidogo dodoso lilizidi kujitia aibu kwa "michezo ya video ya kimwili". Waandalizi walikusudia gemu zinazomtaka mchezaji aruke na kupunga mikono. Walichoandika ni kitu cha kufichwa watoto.

Najua ugonjwa huu unakotoka. Kuna mabingwa wanaofungiwa hotelini kufasiri istilahi, na huzifasiri kipande kwa kipande bila kulisikiliza neno zima likitamkwa. Niliwahi kuwaandikia mabingwa wa aina hiyo nikipendekeza "pilika". Nikajibiwa kuwa hilo ni neno la sokoni. Sokoni! Kana kwamba Kiswahili kilizaliwa maktabani.

Tuwapime washindani. "Mazoezi" yametokana na kuzoea: ni tendo linalorudiwa kwa makusudi mpaka mwili ulizoee. Mkulima wa Wundanyi anayepanda matuta na debe la mbolea kichwani hafanyi mazoezi, ila misuli yake inajua ilichofanya. "Riadha" kwa Kiarabu ni michezo na mazoezi kwa jumla, lakini sisi tumeifunga kwenye mbio na miruko. "Harakati" ina nasaba njema kuliko zote: kwa Kiarabu haraka ni mwendo, na harakati ni wingi wake. Waswahili tukaigeuza haraka kuwa upesi, harakati tukawaachia wanasiasa. Mwambie kijana wa Mwakingali aongeze harakati, atakuuliza maandamano ni lini.

"Pilika" haina mzigo huo. Kamusi hulirudufu, pilikapilika, na wengine husema pirikapirika: shughuli za huku na huko za mtu asiyetulia. Mwenye pilikapilika huchota maji, hufagia, hupanda mlima, hukimbilia matatu. Yote yamo, na hapana faragha ndani yake. Mimi nimeondoa nusu tu. Urudufu huleta wingi na msisitizo, ilhali istilahi hutafuta kipimo.

Kitenzi "cheza" kinanitetea pia. Mswahili hucheza mpira na hucheza ngoma. Jino likilegea linacheza, skrubu ikilegea inacheza. Kote humo kuna kusogea. Kwa hiyo nawaunga mkono vijana wanaoiita FIFA, ile ya kandanda ya kwenye skrini, "gemu" wala si "mchezo" (FIFA ni jina ambalo watengenezaji wenyewe waliliacha mwaka 2023, Voi bado halijaachwa). Mtu akiwa kochini tangu alasiri mpaka magharibi, kinachocheza ni vidole gumba. Mkao huo wenzetu wa Tanzania wanauita "tabia bwete", kutokana na kubweteka, na naliheshimu neno hilo ijapokuwa si langu. Kinyume chake ni Dance Dance Revolution ya Japani, iliyotoka mwaka 1998 na kuchezwa kwa kukanyaga mishale kwa miguu, au gemu za Wii, mashine ya mwaka 2006 iliyofuata mkono wa mchezaji. Hizo ndizo gemu za pilika.

Matumizi hayana ugumu: ngeli ni I-ZI, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwa watu wazima utasomeka "dakika 150 hadi 300 za pilika ya wastani kwa wiki". Kamati isiyoridhika na ilete neno lake, mradi liwe neno ambalo mama anaweza kulisoma kwa sauti mbele ya wanawe.